Si Mimi, Ni Mwenzangu wa Chumba

Bweni la wanawake
Jumapili, 1 Novemba

Mama Mshauri,

Shikamoo.

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kusema mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali. Leo nimeshindwa kuandika hivyo. Wewe sikuhofii, najua uko ofisini kwako pale nyuma ya maktaba. Hofu yote iko kwangu, na tangu Jumatano sijala chakula kikashuka.

Tangazo lenu la koridoni linasema mtu achague namba, aandike shida yake, atumbukize barua kwenye lile sanduku la bluu, na jibu atalikuta kwenye kijisanduku chenye namba yake. Jina halitakiwi, na hamtamtafuta mtu. Nimechagua 41 kwa sababu kiko chini kabisa. Mtu akiinama pale anaonekana anafunga kamba za viatu. Unisamehe pia kwa kuandika kwa herufi kubwa. Kuna mtu anayeingia na kutoka ofisini kwako ambaye anaujua mwandiko wangu vizuri.

Shida yenyewe ni hii. Nina mwenzangu wa chumba. Yeye ni wa mwaka wa tatu, mimi wa pili, ananiita mdogo wake na ananitania kama dada mkubwa hasa. Mwezi mzima wa Septemba alikuwa analia bafuni, anafungulia maji ili nisisikie. Nilisikia. Nilipomuuliza aliniapisha nisimwambie mtu yeyote, nami nikaapa. Chakula anakibeba mpaka mezani, anakizungushazungusha na uma, anakirudisha.

Sasa tangu wiki iliyopita amechangamka. Anaimba, anacheka, anatandika kitanda. Ningeshukuru Mungu, lakini ametoa pasi yake kumpa jirani. Vitabu vya watu vyote amerudisha, hata kimoja alichoazima mwaka wa kwanza na mwenyewe alishakisahau. Mimi amenipa koti lake zito, na mvua ndiyo kwanza inaanza. Upande wake wa chumba umekuwa wa mtu anayehama, ila hasemi anahamia wapi.

Niliapa kutosema. Natumaini kuandika ni kitu kingine. Nifanye nini?

Namba 41


Ofisi ya Ushauri na Afya ya Wanafunzi
Jumatatu, 2 Novemba

Mwanangu Namba 41,

Marahaba. Kwanza nikutoe wasiwasi: sanduku nalifungua mwenyewe, kila Jumatatu na Alhamisi saa tatu asubuhi. Ufunguo uko shingoni mwangu, na hakuna mkono mwingine unaogusa barua zenu.

Kazi hii nina miaka kumi na tisa. Katika miaka hiyo nimeletewa marafiki wengi sana. Rafiki aliyepata mimba, rafiki anayekunywa, rafiki asiyelala. Mara nyingi nikiuliza huyo rafiki anavaa viatu namba ngapi, nagundua ndivyo hivyohivyo vilivyo mbele yangu chini ya meza. Sicheki mtu, mwanangu. Wengi wetu hatuwezi kusema jambo zito mpaka tumpe mwingine alibebe kwanza. Ukitaka tuendelee kumwita mwenzako wa chumba, tutamwita hivyo.

Ila umeandika kwamba tangu Jumatano chakula hakishuki, na hapo hukumtaja mwenzako, ulijitaja wewe. Tuanzie hapo. Unalala saa ngapi? Ukiwa peke yako unawaza nini?

Kuhusu mtu anayegawa vitu vyake na ghafla akachangamka, umefanya vyema kuogopa. Mtu wa namna hiyo huulizwa waziwazi: unafikiria kujiua? Watu hudhani kuuliza kutamtia wazo kichwani. Hakumtii. Wazo likiwepo lilikuwepo kabla yako, na aliyeulizwa hupumua kidogo.

Chini ya karatasi hii kuna namba ya dharura. Inalia hapa ofisini mchana kutwa na inapokelewa na binadamu, si mashine.

Wako,
Mshauri


Jumatano, 4 Novemba

Mama Mshauri,

Jibu lako nimelisoma nikiwa nimechuchumaa pale chini hadi miguu ikafa ganzi. Kwa taarifa yako navaa viatu namba thelathini na saba, na yeye anavaa arobaini. Tuko wawili chumbani, nimehesabu tena leo asubuhi.

Sijala kwa sababu saa ya chakula nabaki chumbani nimtazame. Silali kwa sababu nasikiliza kama anapumua. Nikiwa peke yangu nawaza yuko wapi. Haya, nimejibu maswali yako, sasa naomba tumrudie mwenyewe.

Leo yametokea mawili. Orodha ya wahitimu imebandikwa. Mahafali ni Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 14, na mama yake ameshakodi gari la watu kumi na wanne waje kumshangilia. Mama huyo ni fundi cherehani. Ameshona nguo ya binti yake kwa mikono yake, na kila akipiga simu anaomba vipimo upya. Nikaisoma orodha kwa kidole kutoka juu mpaka chini, mara tatu. Hayumo. Nikaenda kwa karani wa usajili nikajifanya mjinga. Karani akainamia dirisha akaninong'oneza kwamba huyo alishindwa mitihani na aliondolewa masomoni tangu Februari.

Februari, Mama Mshauri! Miezi tisa anaamka saa kumi na mbili, anaoga, ananyoosha nguo, anabeba mkoba, ananiaga anakwenda darasani. Hata chumba tunachokaa kina jina langu tu. Bweni likijua, atatolewa siku hiyohiyo.

La pili ni baya zaidi. Nilikuwa nafagia, ufagio ukagonga kitu chini ya godoro lake. Ni kikopo cha kahawa kilichojaa vidonge vya kila rangi. Nilikirudisha kama kilivyokuwa. Nikikichukua atajua nimejua. Nikikiacha, sijui nitakuta nini siku moja nikirudi darasani.

Ulisema nimuulize waziwazi. Jana nilijipa moyo, nikakaa kitandani kwake, nikafungua kinywa, nikamuuliza kama ana dawa ya meno.

Namba 41


Ofisi ya Ushauri
Alhamisi, 5 Novemba

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama.

Sitaki tena tuzungushane, kwa sababu siku zilizobaki ni chache. Karani wa usajili hatoi siri ya mwanafunzi kwa mwanafunzi mwingine. Namfahamu, hata mimi huninyima. Anayejua kuwa ameondolewa Februari ni yule aliyeondolewa. Anayejua kikopo kina rangi ngapi ni yule aliyekijaza. Kwa hiyo nakuuliza wewe unayeandika, na ninakuuliza kwa upendo: unafikiria kujiua?

Kama ni ndiyo, hutanishtua na hutaniudhi. Kifunge kikopo kwenye mfuko, mpelekee muuguzi wa zahanati ya chuo, mwambie ni mzigo wa Mshauri. Hatakuuliza chochote. Kufeli mitihani si mwisho, nimeona waliofeli mara tatu na leo wana watoto wanaowasumbua. Mama aliyeshona nguo atapenda kuona aliyeshonewa, mengine yatafuata.

Sasa kuhusu ile ahadi kwamba hatumtafuti mtu. Ahadi hiyo ina mpaka, na mpaka wake ni uhai. Ninyi mabwenini mko mia nane na mimi niko peke yangu, kwa hiyo nimeomba msaada. Ninaye mwanafunzi anayejitolea kukaa meza ya mbele, ndiye anayepokea wageni na simu. Bila shaka unamfahamu, wanamwita Kicheko. Mwaka wa pili huu ananisaidia, na sijaona mtu aliyekaa mbele yake akaondoka na mzigo aliokuja nao. Barua zako sijamwonyesha wala sitamwonyesha. Nimemweleza tu, leo asubuhi hii, kwamba kuna binti aliyeondolewa masomoni, mahafali yamemkaba koo, na ana kikopo cha vidonge chini ya godoro. Kesho mchana atapita chumba kwa chumba.

Akigonga kwako, mfungulie.

Mshauri


Ijumaa, 6 Novemba, saa nne asubuhi

Mama Mshauri,

Kicheko ndiye mwenzangu wa chumba.

Ni yeye. Ni huyohuyo tangu barua ya kwanza. Ndiye anayeujua mwandiko wangu, ndiyo maana niliandika kwa herufi kubwa, ndiyo maana sikuweza kuja ofisini, kwa sababu ningekuja ningemkuta yeye mlangoni na angeniuliza nina shida gani. Umemwambia mgonjwa akamtafute mgonjwa.

Jana alirudi saa kumi na moja. Akakaa kitandani na viatu vyake, kitu asichofanya. Akasema, "Kuna binti Mama Mshauri anamtafuta." Nikasema enhe. "Anasema ana kikopo chini ya godoro." Akanitazama. Akaniuliza, "Wewe humjui?" Nikasema simjui. Nilimdanganya macho makavu. Akasema, "Haya, vizuri," akanivutia shuka miguuni kwa sababu dirisha lilikuwa wazi, akaenda kuoga. Hakufungulia maji mengi. Sikusikia kitu.

Nimekesha. Leo asubuhi ameondoka saa yake ya kila siku na mkoba wake. Nimeinua godoro, kikopo hakipo.

Nimepiga namba yako ya dharura. Imelia mara mbili, nikasikia, "Ofisi ya ushauri, karibu." Ni sauti yake. Sikuweza kusema neno. Akasema, "Chukua muda wako, mimi sina haraka, nipo." Akabaki nami kwenye simu hivyo, dakika sijui ngapi, ananisikiliza ninavyohema. Kisha akashusha sauti akasema, "Kipaza, ni wewe?" Hilo ni jina langu kwake, kwa kuwa sijui kunong'ona. Nikakata simu, na sasa najuta kwamba nimekata.

Mlinzi wa jengo la utawala anasema uko kwenye kikao cha kamati ya mahafali, haingii mtu, lakini karatasi anaweza kuipenyeza. Sanduku lenu hufunguliwa Jumatatu, na mimi Jumatatu siioni. Mwombe ruhusa mwenyekiti, mwambie umeugua, mwambie lolote, toka.

Mimi nakwenda ofisini kwako sasa hivi nikamwangalie. Nyuma ya karatasi nimeandika jina langu na chumba changu. Mambo ya namba yameisha.

Kipaza


Ofisi ya Ushauri
Jumatatu, 9 Novemba

Mwanangu Kipaza,

Wewe ulikuwepo na mimi sikuwepo, kwa hiyo mengine ni juu yako kuyasimulia siku utakayotaka. Nitakueleza upande wangu, maana una haki ya kuujua.

Mlinzi hakuipenyeza barua. Aliambiwa kikao kisikatizwe, akaishika mkononi mpaka tulipotoka kunywa chai, dakika arobaini. Ndani tulikuwa tunabishana kuhusu viti vya wageni wa heshima. Nilipoisoma nilivua viatu nikakimbia, na mimi si mtu wa kukimbia. Ofisini nikakuta meza ya mbele imepangwa vizuri, simu imerudishwa mahali pake, na funguo za mlango zimewekwa juu ya daftari la wageni. Fundi wa vipaza sauti ndiye aliyetuambia kuna mabinti wawili wako kwenye ukumbi wa mahafali.

Muuguzi wa zahanati, ambaye fundi huyo alimwita, alifika kabla yangu. Anasema alikukuta umekaa naye kwenye viti vya wahitimu, kikopo umeshakichukua umekikalia, na umemshika mikono yote miwili. Anasema ulikuwa unamuuliza swali lile, bila kuzunguka, na yeye alikuwa anakujibu ndiyo. Alikuwa amemeza baadhi. Daktari anasema waliwahi, na kwamba nusu saa zaidi asingependa kuizungumzia. Amelazwa. Yu hai. Naliandika neno hilo kwa sababu mimi mwenyewe bado nahitaji kulisoma.

Sasa kosa langu. Kila ulichoniambia kilikuwa kweli, tangu mstari wa kwanza. Sikukuamini kwa sababu nilijiona nimeshawasikia wote kabla hujaja. Ungekuwa unasema uongo, ningekusaidia vizuri kabisa. Halafu kwa haraka yangu nikamkabidhi siri yake mwenyewe aitafutie mwenye nayo, na alinisikiliza mpaka mwisho, akaandika kwenye daftari, akaniuliza, "Akipatikana nimwambie nini?" Nikamwambia, "Mwambie tunampenda." Akasema sawa.

Husemwa mganga hajigangi. Mimi nilikaa miezi tisa hatua tano kutoka kwake, nikimwagia sifa na kumwongezea wagonjwa, sikumuuliza hata siku moja masomo yanakwendaje. Nilidhani anayecheka namna ile ameshiba.

Hataki kuniona, na sitamlazimisha. Sikuombi unisamehe. Nakuomba ule.

Mshauri


Jumatano, 11 Novemba

Mama Mshauri,

Nakula. Sipati ladha lakini nakula.

Ya ukumbini sitakusimulia yote. Ofisi niliikuta tupu, nikawafuata watu waliokuwa wanabeba viti vya mahafali. Alikuwa safu ya tatu. Waliokuwa wanapanga viti walikuwa wanamzunguka tu, wanadhani ni wa kamati. Nilipokaa karibu naye hakushangaa. Akaniambia, "Umechelewa, Kipaza, nimeshaanza." Nilitaka kupiga kelele na sauti haikutoka, mimi ambaye nasikika mpaka ghorofa ya chini. Ndipo nikaanza kuuliza lile swali, kwa sababu sikuwa na neno jingine lolote kichwani. Sijui nililiuliza mara ngapi.

Sasa naogopa kuliko mwanzo. Mwanzo nilikuwa naogopa kitu kimoja. Leo naogopa watamruhusu mapema, naogopa hawatamruhusu, naogopa atarudia, naogopa kwamba nimemwokoa na hatanisemesha tena hadi tuzeeke. Hata mlango ukigongwa naruka.

Jana uligongwa na alikuwa mama yake. Amekuja kuchukua vitu. Hakuna kilichobaki cha kuchukua, Mama Mshauri, vyote alishagawa. Nikampa lile koti. Akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena, kisha akaniuliza bila kunitazama, "Ulijua?" Nikasema nilijua analia tangu Septemba, mengine nilijua wiki iliyopita. Nilingoja anipige kofi, na ningekubali. Akasema, "Mimi ni mama yake, nimempima kiuno mara nne kwa simu na kila mara kinapungua. Nikadhani ni mitindo ya wasichana."

Akaniuliza amemkosea nini mtoto mpaka mtoto aone afadhali kufa kuliko kumwambia mama nimefeli. Nikamwambia ukweli, kwamba kila simu yake ikikatika Kicheko alikuwa anasema, "Mama amefurahi leo, sauti yake imekuwa ya kijana." Hapo ndipo alipolia.

Alipotulia alitoa simu akawapigia wale watu kumi na wanne, mmoja baada ya mwingine, nikiwa nimekaa pale. Hakumficha hata mmoja. Alisema, "Binti yangu hakuhitimu. Anaumwa, yuko hospitali, alitaka kujiua. Gari nimelirudisha." Mmoja nadhani alimshauri aseme ni malaria. Akamjibu, "Mficha maradhi kifo humuumbua, shemeji, na mimi kifo kimenipita hapa mlangoni juzi," akakata.

Nina maswali mawili. Simu ya dharura sasa inapokelewa na nani? Na wewe je, unakula?

Kipaza


Ofisi ya Ushauri
Alhamisi, 12 Novemba

Mwanangu,

Simu naipokea mimi. Sanduku linafunguliwa kila siku, Jumapili pia, na kwenye tangazo nimeandika wazi kwamba maisha yakiwa hatarini tutakutafuta. Mkuu wa chuo nimemwandikia kosa langu lote, kurasa tatu. Sijui kama wataniacha kwenye kiti hiki. Wakiniondoa sitabisha.

Sili sana. Nimeanza kwenda kwa mshauri mwingine, wa mjini, kijana mdogo ambaye angeweza kuwa mwanangu wa mwisho. Juzi nilianza kumweleza kuhusu "mfanyakazi mwenzangu mmoja" aliyefanya kosa kubwa. Akaningoja nimalize. Nikaona aibu, nikaanza upya.

Hukuniuliza la tatu, ila nimelisoma katikati ya mistari. Ungesema Septemba ingekuwa bora. Nikikwambia vinginevyo nitakuwa nakudanganya, na utajua. Lakini uliposema hukusikilizwa, ukasema tena, hukusikilizwa, ukasema tena. Sijui wangapi wangerudi mara ya tatu kwa mtu aliyewaita waongo.

Kama Kicheko atakuandikia au hatakuandikia, hilo siliwezi. Hofu yako sitaiita ya bure. Kaa nayo mchana, na mlango ukigongwa fungua.

Mshauri


Hospitalini
Jumamosi, 14 Novemba

Kwako Kipaza,

Nina hasira na wewe. Daktari anasema hasira ni dalili nzuri. Nimemwambia basi leo anitoe, maana nimepona kupita watu wote wa wodi hii.

Nina hasira kwa sababu ulinidanganya usoni. "Simjui." Nilikuwa nakungoja useme unamjua. Nilikuwa nimekaa pale na viatu, nimejiapiza kwamba ukisema tu namjua, nakutolea kile kikopo nakupa. Ukasema humjui, nami nikakufunika miguu. Najua na mimi nilikudanganya miezi tisa, usianze kunihesabia. Nina hasira pia kwa sababu uliniandika. Mambo yangu ya bafuni, sahani yangu, pasi yangu, vyote kwa herufi kubwa. Na nina hasira kwamba ulikata simu. Ningekuwa na la kusema baada ya pale, nadhani. Sina hakika.

Leo ndiyo ile Jumamosi. Wewe ulidhani naogopa kuishi, na Mama Mshauri sijui alidhani nini. Mimi nilikuwa naogopa siku hii tu. Tangu Februari nilikuwa naiona inakuja, siku wanaita majina na mama anasubiri la kwangu, na wanamaliza, na anageuka kunitafuta. Kila asubuhi nilijiambia nitamwambia jioni. Nikawa naenda kukaa pale mezani kusikiliza shida za watu ili nisisikie yangu, na nilikuwa hodari kweli, sikuwadanganya wale. Kadiri walivyonishukuru ndivyo nilivyozidi kushindwa kusema.

Sasa ni saa tano. Watakuwa wamefika herufi yangu. Nimekaa kitandani, nimeshika shuka kwa mikono yote miwili, nangoja dari linidondokee. Limekuja toroli la chai. Chai ni baridi. Aliye kitanda cha pili ameniomba mkate wangu.

Jana mama alikuja na ile nguo. Nikajua sasa atalia, nami sitaweza kuvumilia. Akanivalisha juu ya gauni la hospitali, akanizunguka, akasema, "Inapwaya, nitaingiza hapa na hapa," akatoa pini kwenye mkoba akaziweka mdomoni palepale. Muuguzi alipoona pini katika wodi yetu nusura azimie. Wamezichukua zote na kumwandikia mama onyo. Nilicheka, Kipaza. Kisha nikalia mpaka wakanipa dawa. Mama alinishika kichwa akasema mpaka mwakani asiniulize mtu kuhusu mitihani, hata yeye.

Usijidanganye kwamba nimekaa sawa. Naogopa sana. Naogopa kutoka hapa, sina chumba, sina chuo, kila mtu anajua. Kuna saa nalitaka tena lile jambo. Ukumbini uliponiuliza nilikujibu ndiyo kila mara, na ilikuwa kweli kila mara. Hapa wananiuliza kila asubuhi, na kila asubuhi nimewajibu hivyohivyo. Leo nimemwambia muuguzi sijui. Ameandika kwenye karatasi yake akaniambia hilo ni jibu zuri sana, nami nimemwona mtu wa ajabu, lakini nimeona nikwambie.

Mgeni anayeruhusiwa ni mmoja kwa siku, na jina tunaliandika wenyewe kwenye fomu siku moja kabla. Siku zote nimeandika la mama. Kwa kesho nimeandika lako. Kuingia ni saa nane mchana, na ukichelewa hawafungui tena. Sijakusamehe. Njoo.

Kicheko